Muziki Masikioni Wakati wa Mazoezi

Mtanzania aliyesoma shule ya msingi hahitaji kufundishwa kwamba wimbo huzisaidia mbio. Mchakamchaka wa asubuhi, kabla ya kengele ya darasani, ulikuwa somo tosha: mmoja huanzisha, wengine huitikia, na miguu hushika mapigo ya wimbo bila kuamriwa. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa wanalijua jambo hili zaidi, kwani huko mwendo na wimbo havitenganishwi. Klabu za jogingi za mitaani zinaendeleza desturi hiyo hiyo, baadhi zikitanguliwa na gari lililobeba spika.

Kilichobadilika ni mahali unapotoka muziki. Katika mchakamchaka ulitoka vinywani mwa wakimbiaji wenyewe, na aliyeishiwa pumzi alinyamaza. Siku hizi wengi wetu tunakimbia na kifaa kilichoingizwa sikioni, karibu kabisa na kiwambo cha sikio, na nguvu ya sauti yake haitegemei pumzi ya mtu yeyote. Hutegemea kidole tu. Katika somo hili tutaeleza kwa kifupi ni kwa kiasi gani muziki humsaidia mtu anayefanya mazoezi. Sehemu kubwa, hata hivyo, tumeipa sauti yenyewe, kwa kuwa huko ndiko iliko hasara ambayo hakuna dhamana ya dukani iwezayo kuirejesha.

Msaada wa kweli, wenye mipaka

Mwaka 1911 mtafiti wa Marekani, Leonard Ayres, alichapisha vipimo vilivyochukuliwa katika mashindano ya baiskeli ya siku sita huko Madison Square Garden, New York. Humo ukumbini bendi ilikuwa ikipiga kwa vipindi. Alipolinganisha mwendo wa washindani, Ayres alikuta kwamba walikwenda wastani wa kilomita 31.5 kwa saa bendi ilipokuwa ikipiga, na kilomita 28.8 iliponyamaza. Yale yalikuwa mashindano, si maabara, na bila shaka kelele za watazamaji nazo zilikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande ule ule.

Mmoja wa utafiti unaotupendeza kwa unyofu wake ulifanywa na Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores, Uingereza. Vijana 12 waliendesha baiskeli za mazoezi mara tatu wakisikiliza nyimbo zile zile: mara moja kwa mwendo wake wa kawaida, mara moja zikiwa zimeharakishwa kwa asilimia 10, na mara moja zikiwa zimepunguzwa mwendo kwa asilimia 10. Hawakuambiwa kwamba muziki umebadilishwa. Muziki ulipoharakishwa walikwenda umbali mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 2. Ulipopunguzwa, umbali nao ulipungua kwa karibu asilimia 4. La kushangaza ni kwamba muziki wa haraka haukuwafanya waione kazi kuwa nyepesi. Waliiona kuwa nzito zaidi kidogo, ila waliikubali.

Wapenzi wa riadha wanakumbuka pia kisa cha Haile Gebrselassie wa Ethiopia, ambaye mnamo Februari 1998, katika uwanja wa ndani mjini Birmingham, alikimbia mita 2,000 kwa dakika 4 na sekunde 52.86 na kuweka rekodi ya dunia, huku vipaza sauti vya uwanja vikipiga wimbo alioupenda, "Scatman".

Mlaji asichukue mifano hii na kuifanya ahadi. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ambaye amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameonesha kwamba muziki hupunguza hisia ya uchovu kwa takriban moja ya kumi, na hilo hutokea katika mazoezi mepesi na ya wastani. Mtu anapofikia kiwango cha kuhema kwa nguvu, taarifa za mwili wenyewe, yaani moyo, mapafu na misuli, huuzidi muziki, na msaada huo hufifia. Kwa hiyo tangazo linalodai kwamba aina fulani ya hedifoni "itaongeza uwezo wako maradufu" linauza maneno.

Kinachofaa zaidi kuliko hedifoni ghali ni wimbo wenye mwendo unaolingana na kazi inayofanywa. Kwa mazoezi mengi ya kuendelea, mapigo 120 hadi 140 kwa dakika yametajwa na watafiti kuwa yanafaa. Kupima ni rahisi: hesabu mapigo ya wimbo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Fanya hivyo hivyo kwa hatua zako. Mwenye kutembea kwa haraka atajikuta kwenye hatua 110 hadi 120 hivi. Mkimbiaji, kati ya 150 na 180. Singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, hufikisha mapigo 200 kwa dakika na kupita hapo, na si rahisi kwa mguu kulifuata kila pigo. Ukiipenda, kanyaga kwa kila pigo la pili. Na unapomaliza, wimbo wa taratibu unafaa kuliko ukimya wa ghafla, kwani hupunguza mwendo pamoja na mwili.

Sikio lina posho ya wiki

Walaji wengi wanaotuuliza kuhusu hedifoni huuliza habari za chapa, bei na betri. Ni wachache mno wanaouliza kuhusu desibeli, ilhali hilo ndilo swali la msingi.

Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, lakini haiongezeki kama kilo za sukari. Kila inapoongezeka kwa 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa mara mbili. Inapoongezeka kwa 10, nguvu hiyo huwa mara kumi. Mtu anayetoka desibeli 80 kwenda 90 anadhani ameongeza kidogo, kwa sababu ndivyo sikio linavyohisi. Kwa seli zilizo ndani ya sikio, mzigo umekuwa mara kumi.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yameandaa kwa pamoja kiwango cha usikilizaji salama kwa vifaa vya binafsi vya muziki. Kiwango hicho hakizungumzii sauti peke yake, bali sauti na muda kwa pamoja, na muda wenyewe huhesabiwa kwa wiki nzima. Kwa mtu mzima, posho ni saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Ukipandisha sauti, muda unakatwa: kila desibeli 3 za ziada huupunguza kwa nusu.

Tuitazame hesabu hii kwa mtu anayefanya mazoezi saa moja kila siku, siku tano kwa wiki. Akisikiliza kwenye desibeli 80, ametumia saa 5 kati ya 40. Amebaki na akiba kubwa kwa ajili ya safari, kazi na simu. Kwenye desibeli 86, posho yake yote ya wiki ni saa 10, na mazoezi yamekula nusu. Kwenye 89, posho ni saa 5 kamili: akimaliza mazoezi ya siku ya tano hana kilichobaki hadi wiki nyingine, na hapo hatujahesabu muziki wa ndani ya daladala wala kipaza sauti cha jirani. Kwenye 95, posho ya wiki nzima ni saa moja na robo. Mazoezi ya Jumatatu pekee yanaimaliza karibu yote. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 20 hivi, na hicho si kiwango cha kufikirika: kwa nchi za Umoja wa Ulaya, 100 ndio ukomo ambao simu na vifaa vya muziki haviruhusiwi kuuvuka, na mtumiaji hupewa onyo anapotaka kupita 85. Bila shaka umewahi kuliona onyo la namna hiyo kwenye simu yako. Wengi wetu huligusa na kuliondoa kabla hata ya kulisoma.

Ndani kabisa ya sikio, katika kiungo kilichojikunja kama kombe la konokono, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ishara za kupelekwa kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha. Sauti kubwa ya muda mrefu huziua. Kuku akipoteza seli hizi huota nyingine, jambo ambalo wanasayansi walilithibitisha katika miaka ya 1980. Binadamu hajajaliwa hivyo. Zilizokufa zimekufa, na hakuna dawa ya matone wala ya kumeza inayozirudisha, ijapokuwa zipo zinazouzwa kwa ahadi hiyo.

Hasara hii haina maumivu, na ndiyo maana huchelewa kugunduliwa. Sauti nyembamba hupotea kwanza. Mtu husikia vizuri kwamba anaitwa, ila hajui kama ameambiwa "fika" au "shika", hasa penye watu wengi, kwa kuwa herufi kama s, sh na f zinategemea sauti hizo nyembamba. Akianza kuwaambia wenzake kwamba siku hizi watu wanazungumza kwa kunong'ona, mara nyingi tatizo haliko kwa watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wa umri wa miaka 12 hadi 35 wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki.

Ipo dalili ya mapema ambayo kila mwenye kufanya mazoezi anaweza kuitambua. Ukivua hedifoni ukahisi masikio yamezibika kama yamejaa maji, au ukasikia mlio mwembamba ambao wengine hawausikii, seli zako zimechoka. Kwa kawaida hali hiyo hutulia baada ya saa kadhaa au kwa kulala usiku mmoja, na kutulia huko ndiko kunakowadanganya watu wakadhani hakuna kilichotokea. Ukiipata, punguza sauti katika mazoezi yanayofuata na upumzishe masikio angalau siku nzima. Mlio usipokoma, au sikio moja likidhoofika kwa ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo; usisubiri mwisho wa wiki.

Kwa nini kidole huenda juu

Hakuna anayeamka alfajiri akakusudia kuyaumiza masikio yake. Sauti huongezwa kwa sababu ya kelele za nje. Barabara yenye magari mengi hutoa takriban desibeli 80. Muziki usiozidi kiwango hicho humezwa, kwa hiyo mkimbiaji huupandisha mpaka uishinde injini ya basi. Akifika penye utulivu, sauti inabaki pale pale, kwa kuwa sikio limekwisha kuizoea.

Hapo ndipo aina ya kifaa inapohusika. Spika za masikioni zenye ncha laini ya mpira, zikikaa sawasawa, huziba kelele za nje na kumwezesha mtu kusikiliza kwa sauti ndogo. Zile ngumu zisizo na mpira, ambazo hukalia tu mdomo wa sikio, huacha kelele ziingie, na mara nyingi mwenyewe hulipia kwa kuongeza sauti. Zipo pia zenye uwezo wa kuzima kelele kwa umeme. Hizi hufanya kazi vizuri dhidi ya mvumo usiobadilika, kama wa injini au wa feni kubwa, na kwa mtu anayetumia mashine ya kukimbilia ndani ya ukumbi ni msaada mkubwa kwa usikivu wake. Kwa mtu aliye kando ya barabara, kifaa hicho hicho kinamwondolea sauti ya injini inayomjia nyuma. Muuzaji hatakueleza tofauti hii, kwa hiyo jiulize kabla ya kwenda dukani: nitafanyia wapi mazoezi?

Wengine wameanza kununua zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu na kuliacha tundu la sikio wazi. Faida yake barabarani ni ya kweli. Lakini isidhaniwe kwamba haziwezi kulidhuru sikio kwa kuwa haziingii humo. Sauti ya mfupani hufika kwenye seli zile zile, na penye kelele mtu huziongeza sauti vile vile.

Ushauri unaotajwa sana ni kutozidisha asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya kifaa. Tunaukubali kama mahali pa kuanzia. Mlaji ajue, hata hivyo, kwamba mstari wa sauti kwenye simu si kipimo cha desibeli: asilimia 60 kwenye hedifoni moja inaweza kuwa ya wastani, na kwenye nyingine ikawa kubwa mno. Kanuni tunayoipendekeza sisi ni nyepesi zaidi. Weka sauti ukiwa bado nyumbani, katika chumba chenye utulivu, mahali unapousikia muziki vizuri na bado unamsikia anayezungumza nawe. Kisha usiiguse tena mpaka utakaporudi. Penye kelele, baadhi ya maneno ya wimbo yatakupotea. Yaache yapotee.

Barabarani

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichapisha uchunguzi wa ajali za watembea kwa miguu waliokuwa wamevaa hedifoni, zilizotokea nchini humo kati ya mwaka 2004 na 2011. Walipata watu 116. Kati yao 81 walifariki. Zaidi ya nusu waligongwa na treni, chombo ambacho mtu angedhani hakiwezi kumfikia mtu kimyakimya. Katika karibu theluthi moja ya ajali hizo iliripotiwa kwamba honi au king'ora kilikuwa kimelia kabla.

Uchunguzi huo haukuweza kuthibitisha kwamba hedifoni ndizo zilizosababisha kila kifo, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Lakini msomaji anayekimbia kando ya barabara zetu anajua kwamba huku honi ndiyo lugha ya barabara. Bodaboda hupita kushoto, hupita kulia, wakati mwingine huja kinyume na mwelekeo wa magari, na dereva wake huhesabu kwamba ukisikia honi utasogea. Mabasi ya mwendokasi nayo yana njia zake, ambazo huonekana tupu mpaka basi linapofika, na wapo wanaozigeuza njia hizo kuwa uwanja wa mazoezi asubuhi na mapema. Hilo lisifanywe hata bila muziki.

Wapo wanaovaa upande mmoja tu na kuona wamejilinda. Ni nafuu, ila ni nafuu ya nusu. Ubongo hutambua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha inavyofika katika sikio la kulia na la kushoto. Lililozibwa likiwa limejaa muziki, utaisikia honi, lakini huenda usijue urukie wapi. Isitoshe, anayesikiliza kwa sikio moja hushawishika kuliongezea sauti sikio hilo.

Kwa mtu asiye na sehemu nyingine ya kukimbilia isipokuwa kando ya barabara, tunashauri akimbie akiyatazama magari yanayomjia, muziki auvue anapofika kwenye makutano na vivuko vyote, na mbio za gizani, alfajiri au usiku, azifanye bila muziki kabisa. Pwani, viwanja vya michezo na njia za waenda kwa miguu zilizotengwa na magari zinampa uhuru zaidi. Anayejiandaa kwa mashindano azingatie pia kwamba kanuni za riadha za kimataifa haziruhusu mshindani kutumia vifaa vya muziki awapo mashindanoni. Mwaka 2007 chama cha riadha cha Marekani kilipiga marufuku hedifoni kwa wakimbiaji wote, kisha mwaka uliofuata kikalegeza kwa wale wasioshindania zawadi. Waandaaji wa mbio za hapa nchini hutofautiana. Soma masharti kabla ya kulipia.

Ndani ya ukumbi wa mazoezi

Kwenye jimu hatari ya magari haipo, ila kuna spika kubwa ambazo si wewe unayezitawala. Sauti hiyo nayo hukatwa kutoka kwenye posho yako ya wiki, na wanaovaa hedifoni ili kuushinda muziki wa ukumbi wanalipa mara mbili. Kipimo kisicho na gharama ni hiki: ikiwa huna budi kupaza sauti ili usikike na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kelele za hapo zimefikia desibeli 85 au zaidi. Programu za simu za kupimia sauti nazo husaidia kukadiria, ijapokuwa si vyombo vya kisheria.

Mwanachama wa ukumbi ni mlaji aliyelipia huduma. Ana haki ya kuomba sauti ipunguzwe, na meneja mwenye busara atamsikiliza, kwa kuwa walimu wake wa mazoezi ndio wanaoumia zaidi: mwanachama huondoka baada ya saa moja, mwalimu hubaki kwa vipindi vyote vya siku.

Dukani

Maneno "haipitishi maji" juu ya kasha hayana maana yoyote yakisimama peke yake. Tafuta alama inayoanza na herufi IP. Mara nyingi utakuta IPX4 au IPX7. Herufi X maana yake ni kwamba kinga dhidi ya vumbi haikutajwa kipimo chake. Tarakimu inayofuata ndiyo ya maji. Namba 4 inamaanisha kifaa kimepimwa kwa kurushiwa maji kutoka pande zote, na hiyo inatosha kwa jasho na manyunyu. Namba 7 inamaanisha kimezamishwa katika kina cha mita moja kwa dakika 30. Hata hiyo haikifanyi kuwa kifaa cha kuogelea. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi wala sabuni, na isitoshe mawimbi ya Bluetooth hayasafiri vizuri majini, hivyo muziki utakatika mara kichwa kinapozama.

Jasho lina chumvi, na chumvi hula vile vidoti vya chuma vya kuchajia. Hedifoni nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai ya "betri mbovu" zingepona kwa kitambaa kikavu kilichotumika kila baada ya mazoezi, kabla ya kuzirudisha kwenye kasha lake. Usizichaji zikiwa na unyevu. Ncha za mpira zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, zikaushwe, na zisiazimwe, kwani maambukizi ya sikio huhama nazo.

Bidhaa bandia ni nyingi katika soko hili kwa sababu ni ndogo, zinapendwa, na zinafanana. Bei iliyo robo ya bei ya kawaida si bahati. Kagua tahajia za maneno kwenye kasha, ulinganishe namba ya kifaa na ile iliyo kwenye kasha, na kama mtengenezaji ana ukurasa wa kuihakiki namba hiyo, ihakiki ukiwa bado dukani, kabla ya kulipa. Ubaya wa bandia hauishii kwenye sauti mbaya: betri yake ndogo ya lithiamu huenda haina kinga dhidi ya joto, nawe umeiweka sikioni. Kifaa kinachopata moto au kuvimba kiache kutumika mara moja, na kisichajiwe tena.

Kwa hedifoni za watoto, tafuta zilizowekewa ukomo wa sauti. Maandishi "85 dB" yasikutulize moja kwa moja. Kumbuka kwamba posho ya mtoto inahesabiwa kutoka 75, na kwamba 85 kwa mchana kutwa ni nyingi hata kwa mzazi wake.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa anayoiuza. Madai ya kutopitisha maji, ya saa za betri na ya ukomo wa sauti yote ni maelezo ya namna hiyo. Ukibaini kwamba ulichouziwa si ulichoelezwa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, andika malalamiko yako ukitaja tarehe ya ununuzi, bei, jina la duka na maneno halisi uliyoambiwa, uambatanishe nakala ya risiti na picha za kasha pande zote. Kasha usilitupe kabla dhamana haijaisha. Mara nyingi ndilo ushahidi pekee wa kilichoahidiwa.